Nani Aliiua Spika ya Jumuiya ya Juu

Nyinyi mnaofungua mabanda ya ufundi siku hizi, simu mmeziegemeza kwenye kopo la misumari ziwafundishe, sikilizeni neno moja kabla hamjanunua hata bisibisi. Mtu akikuletea spika mbili na kusema ziko sawa, usimwamini. Hazijawahi kuwa sawa. Na yeye aliyekuletea ana lake.

Mimi ni Anaeli. Shule niliishia darasa la tano. Kazi ya spika nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, kwanza mjini Arusha, nyuma ya soko, halafu huku kwetu mlimani, juu ya Maji ya Chai, kwenye banda lililokuwa ndani ya kiwanja cha kanisa. Sasa nimeacha. Ukiwauliza watu wa huku kwa nini, watakwambia: yule alihongwa akaiunguza spika ya Jumuiya ya Juu, na akakiri mbele ya kanisa. Sikuhongwa. Sikuiunguza. Na sikukiri. Jina langu limekaa kwenye midomo ya watu kwa kosa la mtu mwingine, na huyo mtu nitamtaja humu humu.

Lakini kwanza mjue kazi, maana bila kuijua kazi hamtaujua uongo.

Aliyenifundisha ni Mzee Salimu, mtu wa Tanga aliyekuja Arusha na bendi ikamfia hapa. Siku ya kwanza alinipa spika akasema, "Nusa." Nikadhani ananidhihaki. "Nusa karatasi, nusa nyuma kwenye sumaku." Nikanusa. "Unasikia nini?" Nikasema nasikia vumbi. Akanipa nyingine. Ile ilikuwa na harufu ya ugali ulioungulia. "Hiyo imeshaungua koili, waya wake wa ndani. Mwenye nayo ataapa kwa mama yake kwamba jana ilikuwa inalia. Pua haiapi."

Baada ya kunusa, bonyeza karatasi, ile ya mbele inayotikisika, kwa vidole gumba vya mikono miwili, taratibu, iingie sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, irudishe kwa mwenyewe. Stika msiisome. Nimewahi kubandua stika ya watt mia tano nikakuta chini yake nyingine ya watt mia mbili, na chini yake tena chuma kitupu kisichoahidi kitu. Nyanyua sumaku kwa mkono. Uzito ni shahidi mgumu kumhonga.

Na rangi nyekundu, ile nukta wanayoweka upande wa chanya, hiyo ilinitia aibu kwenye harusi moja. Nilifunga spika mbili za kampuni mbili tofauti kwenye boksi moja, nyekundu na nyekundu, nikaenda zangu kula pilau. Mpiga gitaa akaanza. Sauti ikatoka nyembamba, kama redio iliyofunikwa na debe. Mzee Salimu alikuwepo. Alikuja kunitoa kwenye sahani.

"Umezipima kwa betri?"

"Si zina nyekundu, mzee."

"Nyekundu aliipaka nani? Wewe?"

Alichukua betri moja ya tochi akagusisha kwenye ile ya kwanza, chanya kwa nyekundu. Karatasi ikatoka nje. Akagusisha kwenye ya pili vilevile. Karatasi ikaingia ndani. Basi moja ilikuwa inasukuma hewa, nyingine inaivuta, zinakulana zenyewe kwa zenyewe. Kuna kiwanda kilichoamua nyekundu yake iende kinyume na ya wenzake, na hakikumwambia mtu. Tangu siku ile spika ikiingia bandani kwangu inapimwa kwa betri kwanza, hata kama imeletwa na mchungaji.

Sifaeli wa Ngaramtoni naye nimtaje, ingawa ni pembeni kidogo. Tulikuwa tunafungua amplifaya ya taa, zile nzito za zamani zenye taa za kioo ndani. Nikamwuliza, umechomoa? Akasema nimechomoa. Hakuwa amechomoa. Niliamka niko chini, Mzee Salimu ananimwagia maji kifuani, na vidole viwili vya mkono wa kulia mpaka leo havikunji. Sifaeli aliniambia alidhani ninauliza habari ya redio. Tangu hapo plagi nailaza juu ya meza, mbele ya macho yangu, na naitazama kila baada ya muda kama mbuzi wa kuazima.

Sasa twende kanisani.

Kwaya yetu ilipata amplifaya ya taa iliyoachwa na bendi ya hoteli moja iliyovunjika. Nzuri, ila haikuwa na spika. Baraza la wazee likaamua, kwenye sikukuu ya mavuno, kila jumuiya ilete spika kama sadaka. Jumuiya zetu mbili, ya Juu na ya Chini. Ya Juu ni wakulima wa kahawa na migomba, wenyeji. Ya Chini ni wa barabarani, wengi wafanyabiashara waliohamia kutoka Kilimanjaro. Wanasali pamoja, wanazikana, lakini mkungu wa ndizi wa huyu ukinadiwa baada ya ibada, yule lazima apandishe bei ili aonekane.

Jumuiya ya Juu ikaleta spika ya Kiingereza, ya zamani, iliyotoka kwenye nyumba ya mzungu mmoja wa shamba la kahawa. Marehemu fulani alikuwa ameitunza miaka mingi imefungwa ndani ya kanga. Jumuiya ya Chini, wakiongozwa na Temba, muuza vifaa vya ujenzi, wakaleta mpya kutoka dukani, inang'aa, stika kubwa kama sahani. Zote mbili za inchi kumi na mbili. Wakaniletea nizifunge kwenye boksi moja.

Nilipima kwa mita. Mjue, mita haisemi namba iliyoandikwa kwenye spika; inasema pungufu. Ya Temba ilisema sita na ushee, maana yake ni ya ohm nane. Ile ya zamani ilisema kumi na mbili na nusu, maana yake ni ya kumi na sita. Nikazigonga kwa kidole. Ile ya zamani ilikuwa na sikio jepesi, ukiipa umeme kidogo inapiga kelele. Ya Temba nzito, inataka kula kwanza ndipo iseme. Na ya zamani ilikuwa dhaifu, watt ishirini, si zaidi.

Fundi wa mjini angesema tupeni moja. Huku hutupi. Ni sadaka. Ukiiacha spika ya jumuiya nje ya boksi umewatoa kanisani.

Nikafikiri siku tatu, halafu nikakumbuka mifereji. Nyote mmekua mkiona mfereji unavyogawanywa. Ukiugawa njia mbili, yenye mdomo mpana inachukua maji mengi, yenye mdomo mwembamba inachukua machache. Spika ukizifunga bega kwa bega, kila moja na njia yake, ya ohm nane ndiyo mdomo mpana: inachukua sehemu mbili, ya kumi na sita inachukua moja. Kwa hiyo ile ya zamani, dhaifu lakini yenye sikio jepesi, ikapata sehemu moja, ikatosheka, ikapona. Ya Temba ikapata mbili, ikashiba, ikasema. Zikalingana. Nyuma ya amplifaya nikachomeka kwenye tundu lililoandikwa nne. Nawaambieni, sijawahi kufunga boksi lililolia vile. Ile mpya ilitoa kifua, ile ya zamani ikatoa utamu wa juu. Moja peke yake haikuwa na hayo.

Mngedhani watu watafurahi. Jumapili ya kwanza Temba akanifuata nje. "Fundi, mbona nasikia kama ya wale wa juu inaifunika yetu?" Hata sijajibu, mama mmoja wa Jumuiya ya Juu akanivuta mkono wa upande wa pili. "Mwanangu, ya kwetu umeifunga kweli? Siisikii."

Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa Gadieli, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, mtoto wa Mzee Ndewario. Mzee Ndewario alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa Jumuiya ya Juu. Gadi alikuwa na mkono mzuri wa gitaa na adabu nyingi mno. Mtu mwenye adabu nyingi mno nilipaswa kumtilia shaka. Akaja bandani na mkungu mdogo wa ndizi za kuiva.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Nimekuja kujifunza kidogo. Hivi ikitakiwa ile ya zamani isikike zaidi, inawezekana?"

"Inawezekana, lakini haifai."

"Kwa nini haifai?"

Hapa na mimi nimo kwenye kosa. Sina shule, na mtu akiniuliza swali kama mwalimu, kichwa kinavimba. Nikamweleza. Nikamwambia ukizifunga kwa kufuatana, umeme upite kwenye hii ndipo uende kwenye ile, mambo yanageuka: hapo hakuna kuchagua njia, maji ni yale yale, na penye wembamba ndipo penye msukumo. Ile ya kumi na sita ndiyo itakayobeba sehemu mbili. Nyuma unahamisha plagi kwenye tundu la kumi na sita. Nikamchorea mpaka na mchoro, kwenye gazeti.

"Itasikika?"

"Itasikika sana. Halafu itaungua."

Akacheka. Nikacheka. Akaondoka na gazeti. Niliona anaondoka nalo, nikasema labda analitaka kwa habari za mpira.

Wiki mbili baadaye kwaya ilikuwa inazindua nyimbo zake. Wageni wamekuja hata kutoka chuo cha Makumira, kanisa limejaa hadi nje. Gadi akaanza kupiga, na mimi nikajua pale pale. Utamu wa juu ulikuwa umezidi, kifua hakipo. Jumuiya ya Juu wakaanza kutikisa vichwa, wameisikia yao. Gadi akaongeza sauti. Akaongeza tena. Katikati ya wimbo wa pili boksi zima likanyamaza, na harufu ile aliyonifundisha Mzee Salimu ikaja.

Nikakimbia. Nilipita kati ya wageni, nikamkanyaga mama mmoja mguu, nikazima amplifaya. Lazima mjue hili: amplifaya ya taa ikiwa inafanya kazi bila spika inajiua yenyewe, ndani ya muda mfupi. Ukisikia kimya, zima kwanza, uliza baadaye. Nilikuwa naokoa mali ya kanisa. Lakini watu waliona nini? Waliona fundi amekimbia kabla mtu yeyote hajajua kuna nini. Mchana huo huo nikasikia mtu dukani: "Alijuaje?"

Na jioni habari ikawa imeshapata mguu wa pili: Temba amenipa kitu ili niimalize spika ya wa juu.

Baraza likaniita. Mezani walikaa mchungaji, wazee sita, Mzee Ndewario katikati, na Temba kama kiongozi wa jumuiya yake. Gadi alikaa nyuma, karibu na mlango. Nikafungua ubao wa nyuma wa boksi mbele yao. Zilikuwa zimefungwa kwa kufuatana, kama nilivyochora. Na waya uliounganisha ya kwanza na ya pili haukuwa wangu. Mimi natumia waya mnene wa nyumba. Ule ulikuwa mwembamba, umevikwa wavu wa nyuzi za shaba nje yake.

"Wazee," nikasema, "huu ni waya wa kuchomekea gitaa. Umekatwa. Mimi sina waya wa gitaa, mimi sipigi gitaa."

Temba akadakia. "Anayepiga gitaa humu ndani si anajulikana?"

"Temba, angalia ulimi wako," Mzee Ndewario akasema.

"Mimi nimetaja jina?"

"Umetazama mlangoni."

"Macho ni yangu, mzee. Nayo nilete sadaka?"

Wakainuka wanne kwa mpigo. Mchungaji akagonga meza, akasema tutaomba kwanza. Tukafumba macho. Mimi sikufumba yote. Nilimwona Mzee Ndewario ananyoosha mkono, anauchukua ule waya, anautia mfuko wa koti. Tulipofumbua hakuna aliyeuliza uko wapi. Kikao kikaahirishwa.

Kesho yake asubuhi akaja bandani kwangu, peke yake, na fimbo yake.

"Anaeli. Inaweza kupona?"

"Haiponi, mzee. Koili imekatika, na koili ya spika ile sijaipata Arusha, sijaipata hata kwa wanaoleta vitu kutoka Nairobi."

"Basi irudishe hivyo hivyo mahali pake. Ile nyingine ilie. Mimi nitasema imetengenezwa, mambo yaishe."

"Na jina langu?"

"Litakwisha na hayo mambo. Jumuiya zikigawanyika, hili kanisa litajengwa na nani? Na banda lako, Anaeli, liko kwenye kiwanja cha nani?"

Alilisema kwa upole. Kutishwa kwa upole ndiko kunakofika ndani. Nilikuwa na watoto watatu na banda moja. Nikaifunga spika iliyokufa mahali pake, nikazipiga skrubu zote nne, nikauacha waya wake umening'inia ndani, nikaiunga ya Temba peke yake na kuhamisha plagi kwenye tundu la nane. Jumapili Mzee Ndewario akasimama kwenye matangazo. Akasema, "Fundi wetu amekiri uzembe wake, ametubu, na ameitengeneza. Tumsamehe."

Hatukukubaliana hivyo. Tulikubaliana aseme imetengenezwa. Hilo la kukiri aliliongeza yeye, madhabahuni, mahali ambapo huwezi kunyoosha mkono ukasema mzee umedanganya. Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada yule mama wa Jumuiya ya Juu akanishika mikono yote miwili. "Leo nimeisikia ya kwetu, mwanangu. Sauti yake naijua." Nikamwambia asante mama. Nilitaka ardhi inimeze.

Na hiki ndicho kilichoniua kikazi. Aliyesamehewa ni aliyekosa. Kila aliyeleta redio bandani kwangu alisimama pembeni akanitazama nikiifungua, asiondoke, mikono nyuma. Wengine walivipiga picha vyombo vya ndani kwa simu kabla sijashika bisibisi. Siwalaumu, hata mimi ningefanya. Lakini huwezi kulehemu mtu anakuangalia vidole, tena vidole viwili havikunji. Mwisho nikafunga banda nikarudi shambani.

Mzee Ndewario amekwisha kufa. Nilimzika, nilibeba udongo kama wengine. Sasa kanisa limenunua vyombo vipya, na boksi lile limetangazwa kwenye mnada wa mavuno wa Jumapili hii. Mnaelewa maana yake. Atakayelinunua atalifungua, maana siku hizi kila mtu ni fundi. Atakuta spika iliyoungua iko mahali pake na waya umening'inia. Na watasema: alituunguzia, halafu akatudanganya miaka yote hii kwamba imepona.

Juzi Gadi amekuja. Siku hizi ndiye mwalimu wa kwaya, ana kitambi, ana mtoto chuo. Nilikuwa napalilia migomba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Umesikia boksi linauzwa."

"Nimesikia."

"Nilikuwa nafikiri, tukaingie stoo kesho, ufunguo ninao. Tuitoe ile mbovu, tuweke nyingine yoyote ya inchi kumi na mbili. Ninayo nyumbani. Tufunge, basi. Hakuna atakayejua."

Nikamwacha asimame juani kidogo. "Gadi, ukiingiza nyingine, watu wa Jumuiya ya Juu wataitambua. Ile yao ina doa la kahawa kwenye karatasi. Waliitunza ndani ya kanga."

"Basi tuliache?"

"Tuliache."

"Watauliza, fundi."

"Waulize."

Akatazama migomba. "Sikutaka iungue. Nilitaka baba aisikie. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza, mbona siisikii."

"Nilikwambia itaungua."

"Uliniambia. Nilidhani unatuficha. Nilidhani Temba amekupa kitu."

Nilichoka ghafla, nikaketi juu ya kisiki. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza uvumi ule ulitoka kwa nani, nimewashuku watu dazeni nzima, wengine niliacha kuwasalimia. Ulitoka kwake, na yeye aliuamini.

Mke wangu akamletea chai. Akainywa yote. Akasema Jumapili, kabla mnada haujaanza, atasimama aseme mwenyewe. Akasema mara mbili. Nikamwambia vizuri. Akaaga kwa adabu, akashuka njia.

Simwamini. Labda atasema, labda ataugua malaria Jumamosi. Alipopotea kwenye kona nilikwenda ndani nikachukua kalamu na daftari la mjukuu, nikaanza kuyaandika haya. Nakala moja nimempa mchungaji mpya, mkononi, nikamwomba aisome mbele yangu. Aliisoma, akarudi ukurasa wa kwanza, akaisoma tena.

"Fundi," akasema, "kwa nini hukusema zamani?"

"Nilikuwa na banda, mchungaji."

"Na sasa?"

"Sasa sina."